Usifunue Kabla ya Magharibi

Ilikuwa siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi, mwaka 2025. Mvua za masika zilikuwa zimeanza Kigali. Katika bonde lililo chini ya Kibagabaga, mama mmoja aitwaye Uwineza alikuwa akipuliza moto.

Makaa yalikuwa na unyevu. Moshi ulikuwa mwingi na moto ulikuwa mdogo. Uwineza alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Alitumia mkono wa kulia peke yake. Mkono wa kushoto ulikaa tu juu ya paja lake. Tangu alipougua, mkono huo haukuwa na nguvu.

Juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, kulikuwa na sufuria ya harusi. Mtoto mdogo angeweza kuogea ndani yake. Chini kabisa ya sufuria hiyo kulikuwa na maharagwe ya watu watatu.

Binti yake, Kaze, alitoka ndani akiwa amevaa sare ya shule.

"Mama, yameiva?"

"Bado."

"Jana pia ulisema bado. Tukala watu wengine wameshalala."

"Kunywa chai uende. Mvua inarudi."

"Chai haina sukari, Mama."

"Basi inywe haraka, hutaisikia."

Kaze alicheka kidogo. Akanywa, akaondoka. Uwineza hakucheka. Alibaki akiutazama moshi.

Nyumba hii haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwa miaka mingi Uwineza alikuwa na biashara ya kupika na kupamba harusi. Mtu akioza binti yake Kimihurura au Nyarutarama, jirani alimwambia, "Mwite Uwineza." Alikuwa na mahema na viti. Alikuwa na vitambaa vyeupe na vya dhahabu. Alikuwa na sufuria za kulisha mamia ya watu. Mume wake, Munyakazi, aliendesha gari la kubeba mizigo. Jumamosi yao ilikuwa kazi, na Jumapili ilikuwa kuosha vyombo. Uwineza alilala juu ya magunia ya mchele akingoja nyama iive. Simu yake haikunyamaza. Chakula alikula akiwa amesimama.

Kichwa kilimuuma mara nyingi. Alimeza vidonge vya maumivu akaendelea. Hakwenda kupimwa, kwa sababu kila wiki ilikuwa na harusi yake.

Siku moja, katikati ya sherehe, sahani zilimponyoka. Aliona ulimi wake ukiwa mzito. Kisha akaanguka mbele ya wageni.

Alipozinduka alikuwa hospitali. Daktari alikaa kando ya kitanda chake.

"Mama, shinikizo lako la damu liko juu sana," alisema daktari. "Utameza dawa kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Utapunguza chumvi. Utapumzika. Na kazi ile utaiacha."

"Nikiiacha tutakula nini?"

"Hilo utalipanga na mume wako," alisema daktari. "Ninalojua ni moja. Leo mwili wako umekuonya. Ukirudi katika kazi ile, hautakuonya tena."

Basi waliiacha. Gari waliliuza, na nyumba kubwa ya juu waliirudisha kwa mwenyewe. Walihamia nyumba ndogo ya bondeni. Munyakazi alipata kazi ya udereva kwa familia moja ya Nyarutarama. Mshahara wake ulikuwa mdogo, lakini ungetosha kama nyumba ingeishi kwa kiasi.

Nyumba hiyo haikujua kuishi kwa kiasi. Mkono wa Uwineza ulizoea kupima chakula cha mamia. Mwanzoni alipika mengi, yakachacha, yakamwagwa. Alipojifunza kupunguza chakula, hakupunguza sufuria. Alikuwa na zile kubwa tu. Maharagwe machache yalichemka katika chombo kikubwa tangu asubuhi, na makaa yakateketea. Vitambaa vya harusi vilijaa katika masanduku sebuleni. Hapakuwa na nafasi ya viti, hivyo watu walikaa juu ya masanduku hayo.

Jioni ya siku ile Munyakazi alirudi amelowa. Alivua viatu mlangoni, akachungulia jikoni.

"Gunia la makaa limekwisha?" aliuliza.

"Limekwisha."

"Mama Kaze, mwezi ndio kwanza umeanza."

"Najua. Nina macho."

Munyakazi aliketi juu ya sanduku. Alikamua maji kwenye mikono ya shati lake. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Madamu Christella amenipigia simu. Yule wa Nyarutarama. Anaoza binti yake mwezi wa saba. Anakutaka wewe tu."

Uwineza aliacha kukoroga.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nitakuuliza. Atakupigia Ijumaa."

"Kwa nini hukumwambia hapana?"

"Niseme hapana kwa mdomo gani? Mtoto anakwenda shule na chai kavu. Makaa yamekwisha. Mwenye nyumba ananisalimia kwa kunitazama viatu."

"Daktari alisema nini, Baba Kaze?"

"Nilikuwepo. Nilisikia."

"Na bado unataka nirudi?"

"Sitaki!" alisema Munyakazi. Alifunika uso kwa mikono yake. "Sitaki nikuzike. Lakini sioni njia. Nikitazama mbele naona giza tu."

Uwineza alirudi kukoroga. Yeye mwenyewe aliona giza hilohilo. Aliona kwamba akirudi kazini atakufa, na akibaki nyumbani nyumba itakufa kidogo kidogo. Usiku ule walikula maharagwe magumu, kila mtu akitazama sahani yake.

Kesho yake, jua lilipokaribia kuzama, Uwineza alitaka kuwasha moto kwa makaa machache aliyonunua kwa kipimo cha kopo. Hakuwa na kiberiti. Alichukua koleo akaenda kwa jirani kuomba kaa la moto.

Jirani huyo aliitwa Shakira. Alikuwa fundi wa kushona nguo, Mwislamu, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani zamani na kuoa hapa Rwanda. Uwineza alimjua vizuri. Shakira ndiye aliyeshona vitambaa vyote vya harusi. Lakini hawakuwa marafiki. Wakati wa biashara, Uwineza alizoea kumsimamia kichwani akiuliza, "Bado? Bado?" Tangu ahamie bondeni, Uwineza aliona haya kupita mlangoni kwake.

"Hodi, Shakira."

"Karibu, bosi. Umekuja kuniuliza kama bado?"

"Nimekuja kuomba kaa la moto."

"Kaa la moto? Utalipata wapi hapa? Tazama jiko langu."

Uwineza alitazama. Jiko lilikuwa baridi kabisa. Majivu yake yalikuwa yamezolewa.

"Si umefunga? Magharibi imekaribia. Utafuturu nini, majivu?"

Shakira alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Kisha akavuta kapu kubwa kutoka chini ya cherehani. Kapu hilo lilikuwa na mto mnene juu yake. Uwineza alidhani ni kapu la vipande vya nguo.

"Keti," alisema Shakira. "Na usiguse. Bado muda kidogo."

Waliketi. Kisha adhana ilisikika katika simu ya Shakira. Shakira aliomba dua, akala tende, akanywa maji. Ndipo akaondoa ule mto. Chini yake kulikuwa na sufuria ndogo. Alifunua kifuniko. Mvuke ulipanda mpaka darini. Maharagwe yalikuwa yameiva, mekundu, laini, na mchuzi wake ulikuwa mzito.

"Yebaba we!" alisema Uwineza. "Moto uko wapi?"

"Moto niliuzima asubuhi."

"Asubuhi? Unanidanganya."

"Nidanganye na nimefunga? Sikia, Mama Kaze. Ukipika kitu, moto mwingi hauingii katika chakula. Unapasha hewa, unapasha ukuta, unapasha hata paka wa jirani. Sufuria ikishachemka, inahitaji tu kutopoteza joto lake. Ni kama mtoto. Ukishamwogesha kwa maji ya moto, unamfunika. Humrudishi tena kwenye beseni."

"Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe wangu, kule Bukoba. Makaa yalikuwa shida, na Ramadhani tulikuwa hatuna nguvu ya kusimama motoni. Maharagwe nayaloweka tangu jioni. Asubuhi namwaga yale maji na kutia mengine. Nayachemsha kwa nguvu, yatokote hasa, muda wa kumaliza kufagia nyumba na uwanja. Maharagwe yasiyotokota vizuri huumiza tumbo, usisahau hilo. Kisha nafunika, naingiza kapuni, naendelea na cherehani. Jioni kama joto limepungua, nayarudisha motoni yachemke tena kidogo kabla ya kula."

Shakira alimpakulia kibakuli. Uwineza alikula. Hakukumbuka ni lini alikula maharagwe laini namna ile. Aliondoka mbio, hata koleo akalisahau.

Siku ya Alhamisi alijaribu. Aliloweka maharagwe usiku. Asubuhi aliyachemsha katika sufuria yake ya harusi. Aliizungushia blanketi, akaiweka pembeni. Kisha akaanza kungoja.

Uwineza alijua kupika, kupamba, kubishana na wauza nyama na kuamrisha vijana mia. Kungoja hakukujua. Alifagia, kisha akafunua kifuniko kutazama. Alifua soksi za Kaze, kisha akafunua. Akainuka kwenda kulala kidogo kama daktari alivyomwambia. Lakini kitandani hakutulia. Alisikia kama kuna wageni wanaomngoja. Aliinuka, akafunua tena, akakoroga.

"Bado?" aliuliza. Sufuria haikumjibu.

Jioni Kaze alitafuna kijiko cha kwanza. Uso wake ukakunjamana.

"Mama, yanagonga kwenye meno."

Munyakazi alionja, akaweka kijiko chini polepole. Alisukuma sahani kando. Afadhali angelalamika.

Uwineza alichukua maharagwe hayo akayarudisha motoni. Makaa ya kopo yaliisha kabla hayajalainika. Alikaa chini jikoni, mgongo ukiwa ukutani, akalia bila sauti. Aliwaza: mtu asiyeweza kungoja hata sufuria moja, ataweza vipi maisha haya? Mimi nimeumbwa kwa kukimbia. Basi nikimbie mpaka nianguke tena, yaishe.

"Baba Kaze," alisema, "kesho Christella akipiga simu nitamwambia ndiyo."

Munyakazi aliinuka. Alizima taa, na hakuna aliyelala.

Ijumaa asubuhi Shakira alileta lile koleo. Alikuta Kaze akifunga viatu na Uwineza akitazama ukuta.

"Shikamoo," Kaze alimwamkia Shakira. "Mama amepika kama wewe, lakini yamekataa."

"Yamekataaje?" Shakira aliingia jikoni. Alitazama sufuria, akashika kiuno. "Hii ni sufuria au ni uwanja wa mpira?"

"Ndiyo niliyo nayo," alisema Uwineza.

"Sufuria hii nusu yake na zaidi ni hewa. Joto linakimbilia juu, linapotea. Kwa kapu unahitaji sufuria ndogo, iliyokaribia kujaa, na kifuniko kinachobana. Haya. Na ulifunua mara ngapi?"

"Mara moja."

Kaze alikohoa.

"Mara moja?" aliuliza Shakira.

"Mama alifunua kila alipopita," alisema Kaze. "Na jikoni ndiyo njia ya kwenda kila mahali."

"Nenda shule wewe!" alisema mama yake.

Kaze alikimbia. Shakira aliketi sakafuni karibu na Uwineza.

"Kila unapofunua, joto lote linatoka. Ni sawa na kuanza upya bila moto. Mama Kaze, sufuria si fundi wako. Ukiisimamia haishoni haraka."

"Usinicheke, Shakira. Mimi nimekwisha. Christella anapiga simu leo. Narudi kazini."

Shakira aliacha kutabasamu.

"Unarudi?"

"Nifanye nini? Kukaa hapa ni kufa pia. Ni kufa polepole tu."

Shakira alitupa macho sebuleni. Kisha akasema:

"Leta vitambaa vyako. Nikushonee kapu la kweli. Blanketi ni jembamba."

"Vitambaa gani?"

"Hivyo mnavyovikalia sebuleni."

"Hapana!" alisema Uwineza. "Vile ni vya kazi. Nikivikata, nimekata kila kitu. Chukua shuka, chukua kanga yangu, chukua chochote. Vile hapana."

"Unakumbuka siku uliyoanguka?"

"Sikumbuki kitu."

"Mimi nakumbuka. Nilikuwa nimekuletea kitambaa cha meza ya maharusi. Ulinipigia simu mara nyingi njiani ukisema, bado, bado? Nilipofika ulikuwa chini. Mdomo wako umeenda upande. Gauni lako limepanda, na wageni wamesimama wanatazama. Nilichukua kile kitambaa cheupe nikakufunika." Shakira alikunja pindo la nguo yake. "Mama Kaze, mimi nimewahi kushona sanda. Nilipokufunika, niliona nimekushonea sanda yako. Na wewe ndiye uliyeniambia niimalize haraka."

Mvua ilianza tena. Ilipiga bati kwa nguvu, na kwa muda hawakuweza kusemezana. Uwineza aliinuka. Alikwenda sebuleni, akafungua sanduku la kwanza. Kitambaa cheupe kilikuwa kimekunjwa vizuri. Alikitoa akakiweka mikononi mwa Shakira.

"Kata wewe," alisema. "Mkono wangu hauwezi."

"Shika upande ule. Mkono wako wa kushoto ulalie juu, uwe uzito. Hivyo. Unaweza."

Walikata pamoja. Walivipeleka vipande kwa Shakira, naye akaendesha cherehani yake haraka. Alishona mfuko mkubwa, na katikati ya kitambaa na kitambaa akajaza sponji za viti vya harusi zilizochanwachanwa. Alishona na mto wa kufunika juu. Waliporudi kwa Uwineza, mfuko waliutandika ndani ya kapu pana la sokoni. Maharagwe mengine Uwineza alikuwa ameyaloweka jana jioni, kabla ya kuonja yale magumu. Uwineza aliyachemsha katika sufuria ndogo aliyoazimwa na Shakira, kwa makaa aliyoazimwa na Shakira, mpaka yakatokota barabara.

"Sasa funika. Ingiza. Weka mto. Bana pembeni, hewa isipite," alisema Shakira. "Mimi nina nguo za watu na nina swala ya Ijumaa. Usifunue kabla ya Magharibi. Ukifunua nitajua."

"Utajuaje?"

"Utakuwa na uso wa mwizi."

Uwineza alibaki peke yake na kapu. Aliketi juu ya sanduku. Mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe kwenda kwenye mto. Aliurudisha. Uliinuka tena. Aliulaza chini ya ule wa kushoto, ule mgonjwa, ili uzito wake uushike. Akakaa hivyo.

Mchana, simu ililia.

"Bosi wangu!" ilikuwa sauti ya Christella. "Umenisahau kabisa?"

"Sijakusahau, Madamu."

"Mume wako amekwambia? Mwezi wa saba. Watu wengi mno, sitaki aibu. Nimewaona hawa vijana wapya, hawajui kitu. Nataka wewe. Na nataka vile vitambaa vyako vyeupe. Bado unavyo?"

Uwineza alitazama kapu.

"Vimepata kazi nyingine, Madamu."

"Kazi gani? Aa, utashona vingine. Sasa niambie. Ndiyo?"

Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Lilikuwa jepesi. Uwineza aliona magari, aliona watu wakimwita kwa jina, aliona Munyakazi akitabasamu. Kisha aliona kitambaa cheupe kikishuka juu ya uso wake. Miguuni pake kapu lilikuwa kimya. Hakujua kama maharagwe yanaiva au yanagoma. Hakujua kitu.

"Madamu," alisema, "sitaweza."

"Unasemaje?"

"Niliugua. Nikirudi nitakufa. Nikifa, binti yangu atapikiwa maharagwe na nani?"

Christella alishusha sauti. Kisha akasema kwamba amesikitika, kwamba hakujua kama ugonjwa ulikuwa mkubwa hivyo, kwamba atatafuta mtu mwingine. Simu ikakatika.

Ukimya uliofuata ulimtisha Uwineza kuliko maumivu yoyote. Mlango wa mwisho ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni yeye. Hapakuwa na pa kukimbilia wala kazi ya kujificha ndani yake. Alimeza dawa yake. Alilala juu ya mkeka karibu na kapu, akiwa na hakika kwamba ameiangamiza nyumba yake. Akiwa katika kuwaza hivyo, usingizi ulimchukua. Ulikuwa usingizi wa kwanza wa mchana tangu alipotoka hospitali.

Alipoamka, Munyakazi alikuwa amesimama juu yake, na Kaze alikuwa nyuma ya baba yake. Wote wawili walikuwa na hofu.

"Mama! Tulidhani..." Kaze hakumaliza.

"Nilikuwa nimelala."

"Wewe? Mchana?"

"Christella amepiga simu," alisema Uwineza. "Nimesema hapana."

Munyakazi aliketi polepole juu ya sanduku. Sanduku lilibonyea, kwa sababu halikuwa na vitambaa tena. Alilitazama. Alitazama kapu.

"Umekata?"

"Nimekata."

Alifumba macho. Uwineza alingoja hasira yake. Lakini Munyakazi alisema tu:

"Na hayo yaliyomo humo yakiwa magumu?"

"Tutayatafuna magumu."

Shakira alisimama mlangoni. Adhana ilisikika katika simu yake. Alifungua saumu yake kwa tende palepale mlangoni, akamtazama Uwineza usoni.

"Si uso wa mwizi," alisema. "Haya. Funua."

Uwineza aliondoa mto. Kifuniko kilikuwa bado cha moto, hata akakishika kwa pindo la nguo. Mvuke ulipanda. Munyakazi alichukua haragwe moja akalibana kwa vidole viwili. Lilipasuka bila kubishana. Alichukua la pili, nalo likapasuka. Alilitia mdomoni, akalitafuna bila haraka.

"Kaze," alisema, "lete sahani."

Hawakushangilia. Waliyachemsha tena kidogo, wakala wote wanne wakiwa wameketi juu ya masanduku. Chakula kilikuwa cha moto, na nje kulikuwa bado na mwanga kidogo.

Sitakudanganya wewe unayesoma. Si kila kitu kilipona. Mkono wa Uwineza bado ni dhaifu. Zipo siku anasikia honi ya magari ya harusi kwenye barabara ya juu, na moyo wake unaanguka. Walionena naye kila siku hawapigi simu tena. Zipo asubuhi anaamka mapema mno akiwaza kwamba amechelewa, kisha anakumbuka kwamba hakuna anayemngoja, na kukumbuka huko kunamuuma.

Lakini wiki iliyofuata alikwenda na Munyakazi soko la Kimironko. Walibadilisha sufuria kubwa kwa ndogo zenye vifuniko vinavyobana. Gunia la makaa walilonunua lilivuka mwezi. Kilichookolewa kilirudisha sukari katika chai ya Kaze, na dawa ya shinikizo haikukatika. Sasa Uwineza anapika kwa hesabu ya midomo iliyopo. Katika magunia matupu ya makaa amejaza udongo, akaotesha dodo, yaani mchicha. Kila mwezi anapimwa shinikizo la damu. Mara ya mwisho daktari alitazama kipimo, akakitazama tena, akamuuliza anafanya kazi gani siku hizi.

"Nangoja sufuria," alijibu Uwineza.

Siku ya Idi, Shakira alikuja na sahani ya pilau iliyofunikwa. Alikuta kapu limefungwa pembeni, na Uwineza amelala mchana. Kaze alikuwa mlangoni, kidole mdomoni.

"Bado?" alinong'ona Shakira.

"Bado," alinong'ona Kaze. "Usimwamshe."

Basi nawe fanya hivi. Maharagwe yaloweke usiku na umwage yale maji. Chagua sufuria inayokaribia kujaa. Yachemshe yatokote hasa. Funika, yafungie katika kapu lenye nguo nene au sponji, na usifunue mpaka jioni. Yachemshe tena kidogo kabla ya kula. Na kama kichwa kinakuuma kila wiki, nenda ukapimwe kabla sahani hazijakuponyoka.

Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiiweke chini ya godoro. Karibu nawe yupo mama anayepuliza makaa yenye maji, au anayekimbia bila kuketi. Huenda hajui kusoma. Keti naye jioni moja, msomee polepole mpaka mwisho, kisha mwachie yeye karatasi ampelekee mwingine.